Mtoto Aliyenyonya Kwetu Kasongo

Nikisikia harufu ya sombe mbichi, majani ya muhogo yakitwangwa, namwona mama yangu akiwa bado kijana, amesimama kwenye kinu nyuma ya nyumba yetu ya Kasongo. Mchi uko mkononi, na ghafla ameacha kutwanga.

Aliacha kwa sababu barazani palikuwa na mtoto analia. Hakuwa mdogo wangu Ramazani, ambaye kwa miezi yake mitano alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Kilio hiki kilikuwa chembamba, kama cha paka mchanga. Tulipotoka tulimkuta mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, amempakata mtoto wa siku chache. Alisema anaitwa Pius, mkulima wa upande wa Kabambare. Mke wake alijifungua vibaya, na yeye na ndugu zake walikuwa wakimleta hospitalini kwa machela. Alifia njiani. Walimzika hukohuko, ndugu wakarudi, naye akaendelea na mtoto peke yake, bila kujua anakwenda wapi hasa.

"Mama, unisaidie," alisema. "Nilimupa maji ya muchele, anatapika yote."

Niliona nguo ya mama imelowa kifuani, madoa mawili yanazidi kupanuka. Alimpokea yule mtoto, akaketi palepale kizingitini, akampa titi.

Niwaambie ukweli: nilichukia. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na kwangu maziwa yale yalikuwa ya Ramazani, kama kitanda chake na jina lake.

Pius hakuweza kukaa. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji, pamba ya lazima ilikuwa imekwisha kufunguka mashambani, na asiyeivuna alifungwa na kuchapwa fimbo. Mama alimwambia, "Umuache hapa. Akianza kula uji utakuja kumuchukua." Ndivyo Veronika alivyobaki kwetu.

Baba, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alishona wiki tatu kana kwamba mgeni hayupo. Kisha mashavu ya Ramazani yakaanza kupungua. "Mutoto wako mwenyewe iko nakonda," alisema, "na wewe unanyonyesha mutoto wa batu." Mama alisikia, wala hakugombana. Alizidisha karanga na mboga katika chakula chake, na kila mara alianza na Ramazani, kisha Veronika. Mimi nilikaa karibu nikilinda zamu, nikihakikisha mgeni hapati zaidi.

Bibi, mama yake baba, alimpikia mama uji mzito kila asubuhi. "Natafuta thawabu yangu kwa Mungu," aliniambia, "si juu ya huyu mutoto wa Wakristo." Lakini nilimfuma mara mbili akimbusu nyayo. Na baba, bado amenuna, siku moja alileta vishati viwili vidogo vya kitambaa kimoja. Alisema vile vipande vingetupwa bure.

Nikamwuliza mama sababu yake yeye.

"Maziwa yalitoka yenyewe," alisema. "Nilimusikia analia, yakatoka. Ningefanya nini?"

Jibu hilo lilinikatisha tamaa. Nilitaka sababu kubwa, angalau kama ya bibi.

Pius alirudi mvua zilipoanza, na kuku wawili mkononi. Ramazani alikuwa amerudisha mashavu yake. Veronika hakumjua baba yake, akalia na kumng'ang'ania mama shingoni. Mama aliibandua mikono ile taratibu, akamkabidhi.

"Ukumbuke, baba Veronika," alisema, "huyu na Ramazani wamenyonya titi moja. Ni ndugu. Hawataoana."

Pius akacheka, mara ya kwanza tangu tumjue. "Mama, hata meno hajaota."

Walipokwisha kupotea kwenye njia ya Kabambare, mama alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Alikuwa ameinama, anakamua maziwa yakianguka chini kwenye udongo, na uso wake sikuweza kuutazama. Nilirudi ndani nikamchukua Ramazani, nikampelekea. Akampokea, akampa titi.

Miaka mingi baadaye niliolewa, nikazaa mtoto wangu wa kwanza. Siku moja sokoni mtoto wa mtu alilia, nikahisi nguo yangu inalowa. Nilicheka peke yangu kati ya mafungu ya samaki. Kumbe mama hakuwa amelikwepa swali langu. Alikuwa amesema jambo lililompata.

Lakini mtoto yule wa sokoni alikuwa na mama yake. Nilikwenda zangu, na kabla sijafika nyumbani nguo ilikuwa imekauka nami nimemsahau. Ndipo nilipoona kwamba jibu la mama lilitosha kwa siku ya kwanza tu. Asubuhi zote zilizofuata, mwanawe akikonda, mume akinuna, na mimi nikimkodolea macho, hakuna kilichomlazimisha. Alinyoosha mikono, akamchukua yule mtoto, kwa sababu alitaka. Hilo hakulisema kwa mtu yeyote, na mimi nilikaa karibu nalo kila siku bila kuliona.