Raba Iliyobaki Matopeni Buswelu

Leo nimepiga goti mbele ya mama wa mchumba wangu mpaka yeye mwenyewe akaona imezidi.

Haikuwa heshima. Nilikuwa nimekwama.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na mimi asubuhi nikataka kukimbia kwenye vijia vya mashambani huku Buswelu. Kaka yangu akanipa njumu zake za mpira, zile zenye meno. Nikakataa. Nikavaa raba mpya. Soli laini kama sahani, ila zenyewe nyeupe, zinapendeza.

Katikati ya majaruba ya mpunga nakutana na mama mkwe, jembe begani.

Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Inuka, mwanangu."

Nikajaribu. Mguu ulikuja, raba ikabaki. Nikarudi chini kuipapasa kwenye tope, huku namuuliza habari za ng'ombe.

"Inuka basi, inatosha." Machozi yanamlengalenga.

Sikuinuka mpaka alipoondoka. Soksi ilikuwa imetoboka.

Sasa hivi mchumba kapiga simu. Mama ameutangazia ukoo mzima kwamba mabinti wenye adabu bado wapo. Jumapili wananisubiri wote niwasalimie.

Njia ya kwenda kwao ni ile ile.

Kuna aliyewahi kuvaa njumu na gauni?