Baba Alipotapika Mara Mbili

Baba yangu amepandisha wageni Kilimanjaro tangu sijazaliwa, na hana huruma na mtu anayetapika. Sheria yake ni moja: mgeni akitapika mara ya kwanza anapewa maji, mara ya pili anashushwa, kwa upole lakini bila mjadala, hata kama amebakiza saa moja tu kufika kileleni. Akirudi nyumbani alituigizia wanavyolia, nasi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Basi dada yangu, anayefanya kazi jikoni kwenye meli ya kitalii, akatupatia nafasi ya safari ya siku nne. Mama, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kupeleka ndizi sokoni Moshi, alipanda na mkungu mzima kichwani, eti chakula cha watu hakiaminiki. Baba alipanda na viatu vyake vya mlimani, akituhimiza twende polepole, tutazoea.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili bahari ikachafuka, na Baba akatapika kabla hajamaliza chai. Mama akampa maji, kisha akarudi mezani kula samaki wa hao watu asiowaamini, sahani ya tatu.

Haikupita saa, Baba akatapika tena. Mama akajifuta mdomo taratibu, akatazama maji pande zote, halafu akaniuliza kwa ule upole ambao Baba huwaonyesha wageni wake:

"Hii ni mara ya pili. Sasa huyu tunamshushia wapi?"