Chakula cha Mwami

Mpaka nafikisha miaka hamsini na miwili sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akitia tonge mdomoni. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nimeshaulizwa na majirani kama ana ugonjwa, kama ni mchawi, kama hana meno. Meno anayo. Baba yangu alikuwa mwami, yaani chifu wa milima yetu upande wa Fizi, Kongo, na mwami wa kwetu haonekani akila. Anakula peke yake, mlango umefungwa, na anayempelekea chakula anaweka sahani na kutoka. Mwami akifa, watu wanamlilia, wazee wa baraza wanaushika umwami mpaka wamtawaze mwingine. Lakini mwami akionekana anakula, umwami unakatika hapo hapo, wala hakuna wa kuurithi. Ni aibu ya ukoo mzima.

Kule mlimani nyumba yetu ilikuwa kubwa na jambo hili halikumsumbua mtu. Shida ilianza kambini. Tulifyatua matofali, tukajenga chumba kimoja na kipande cha sebule, na baba akitaka kula, sisi wote nje. Mvua ikinyesha, nje vilevile. Nimesimama chini ya ukingo wa bati na wanangu mara nyingi sana, huku majirani zetu Warundi wakitucheka bila kificho.

"Mfalme iko mezani!" walikuwa wakisema. "Mama, akimaliza mutamwambia asante?"

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nimekasirika. Mtu mmoja anakula maharage ya msaada, watu watano wanalowa, na hakuna anayethubutu kusema kitu.

Hata hivyo sitaki mtu afikiri baba alikuwa mtu wa makuu. Alitawazwa akiwa kijana, mwalimu wa shule ya misheni, baba yake alipofariki. Aliwahi kuniambia kwamba siku ile alilia, na watu wakadhani analilia marehemu. Kumbe alikuwa analilia rafiki zake, maana alijua hatakula nao tena. Baadaye alikaa miaka kadhaa katika bunge la mkoa. Huko wenzake walifanya siasa kwenye mikahawa, wakipatana juu ya sahani za samaki, na yeye kila chakula kilipoletwa alinyanyuka akaenda kutembea barabarani na koti lake la kijivu. Walimwita mwenye majivuno. Lakini barabara ya kutoka sokoni kupanda mpaka kwetu mlimani aliipata, kwa kwenda ofisi ile ile na dosye yake, faili la karatasi, mkononi mpaka makarani wakachoka kumwona.

Vita vilipofika, wenye bunduki walimletea karatasi ya kukubali kwamba vijana wa milimani wachukuliwe wawe askari wao. Walitaka sahihi yake tu. Alikataa, na wiki ile ile akaanza kuwavusha watu wake ziwa, yeye akawa wa mwisho kupanda mtumbwi. Tulikaa Tanzania miaka mingi, kisha tukashuka Malawi. Mama alifia njiani. Kaka yangu, ambaye ndiye angerithi, alipata nafasi ya kuhamia nchi za baridi, akaenda na mke na watoto, na siku hizi anatuma ujumbe wa sauti ambao nusu yake ni Kiingereza.

Kwa hiyo nilibaki mimi, wanangu na baba, na cherehani yangu. Cherehani iko barazani, na benchi la baba, alipokaa kusuluhisha watu, lilikuwa hatua mbili kutoka hapo, basi kesi zake zote nilizisikia nikiwa nashona sare za kwaya. Nakumbuka majirani wawili waliogombania ukanda wa ardhi katikati ya nyumba zao, hatua moja na nusu, ardhi ambayo wala si ya yeyote kati yetu. Walikuwa wameshatishiana majembe. Baba aliwasikiliza asubuhi nzima, kisha akasema hapo pajengwe jiko moja, na kila mmoja alete nusu ya matofali. Walilalamika wote wawili. Wakajenga. Wake zao wanapika humo mpaka leo na kusengenya waume zao. Baba hakutafuta tu nani ana haki, alitafuta namna ambayo watu wataweza kusalimiana kesho yake kwenye bomba la maji. Kwa hilo nilimheshimu hata nilipokuwa nimelowa.

Mwaka jana ngiri yake ya siku nyingi ilizidi kumuuma. Kituo cha afya cha kambi kikampeleka Lilongwe, hospitali kubwa, nami nikaenda naye. Dokta aliniambia waziwazi: bila kumpasua hatapona, na kumpasua sasa hivi hawawezi, maana damu ni kidogo na mwili umechoka. Ale vizuri siku kadhaa, ndipo aingie chumba cha upasuaji. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo dogo.

Wodi ilikuwa na vitanda zaidi ya thelathini, na kati ya kitanda na kitanda paliketi ndugu wa wagonjwa, wake kwa waume, na vikapu vyao. Saa ya chakula kila mtu alimwona kila mtu. Baba alitazama chumba kile chote, akafunga macho.

"Mama," akaniambia, maana mimi nina jina la mama yake, "hapa mi sitakula."

Nilikuwa nalala Area 23, mtaa wa pale Lilongwe, kwa mama mmoja wa kanisa letu anayeuza nyanya. Kila asubuhi nilipika kwake uji wa karanga, nsima, yaani ugali wa huku, mboga, samaki, nikapanda minibasi na vyombo mapajani, na kila jioni nilirudi na chakula kile kile kimepoa. Maji alikunywa akijifunika uso kwa taulo. Nilimwomba tumsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka bafuni. Akaniuliza kama nimesikia wapi mwami anakulia chooni. Siku ya tatu muuguzi akaanza kunigombeza mimi, kwa Kichewa cha haraka, kana kwamba ni mimi niliyemnyima.

Siku ya nne alikuja mzee wa baraza kutoka Dzaleka. Ndiye peke yake aliyebaki wa wale wanaotawaza mwami. Kambini anatengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, na vidole vyake havitoki grisi hata aende kanisani. Nilimvuta koridoni, nikamwambia baba anakufa kwa njaa na chakula kiko pembeni yake, na kwamba yeye aseme neno moja tu, amruhusu.

"Siwezi," akasema. "Mwami akionekana anakula, umwami imekwisha."

"Iishe!"

"We unasema vile juu ni papa yako. Lakini mwami ni ya sisi bote. Tuliacha mashamba, tuliacha makaburi, tukabaki na yeye. Akiisha yeye, sisi ni nani? Ni bantu ya ration tu."

Nilimjibu vibaya, maneno ambayo sitayaandika hapa. Ila nilipokuwa nayasema niliona macho yake yamejaa, nikajua kwamba yeye naye hajalala. Hakuwa ananifanyia ukaidi. Kila mmoja wetu alikuwa anagombania mtu yule yule.

Basi nikafanya kile ambacho fundi cherehani angefanya. Nilikuwa na vitenge viwili kwenye begi, nikaviunganisha kwa pini. Mzee alikubali kushika upande mmoja, maana pazia si kosa. Dada mmoja wa kitanda cha jirani akashika upande mwingine bila kuuliza. Tukakizungushia kitanda chote kitambaa, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mimi nilikuwa ndani, nikaweka sahani kifuani kwa baba, nikageuka niwape mgongo yeye na chakula chake. Nikafumba macho pia, nisije nikaharibu kazi.

Sijui kwa nini sikufikiria. Katika wodi ile kitanda kilizungushiwa vitenge kwa sababu moja tu, na tulikuwa tumeshaiona mara mbili ndani ya siku nne. Kwanza wodi ilinyamaza. Kisha mama mmoja mwenye sauti nzito alianzisha wimbo wa msiba kwa Kichewa, wa pili akapokea, na kabla sijaelewa kinachoendelea wanawake wote waliokuwa wodini walikuwa wamesimama, wanamwimbia baba yangu. Waliimba vizuri, kwa sauti tatu. Mkono ukapenya kwenye kitambaa, ukanishika bega. "Pepani, amayi," sauti ikasema, pole mama. Dada aliyeshika kitenge upande wa pili alikuwa analia kwa kwikwi, naye tulikuwa tumefahamiana kwa dakika tano.

Nilitaka kupiga kelele kwamba hajafa. Lakini sikuwa na hakika. Niliogopa kugeuka, maana nyuma yangu palikuwa kimya kabisa, na kwa muda nilidhani wanawake wale wamejua kitu kabla yangu.

Baba akaita jina la mzee wa baraza. Aliita kwa sauti yake ya benchini, ile ya kuanza kesi.

"Wacha hiyo pazia. Kuya hapa."

Kitenge kikaanguka. Wimbo ukakatika, mtu mmoja akapiga yowe, wengine wakarudi nyuma wakijishika vifua. Baba alikuwa amekaa, mgongo ukutani, sahani haijaguswa. Alisubiri watulie. Ana subira sana na watu wanaopiga kelele.

"Unasikia hawa bamama banafanya nini?" akamwuliza mzee.

"Banaimba, Mwami."

"Banaimba wimbo gani?"

Mzee alitazama sakafu. "Ya matanga."

"Banamulilia nani?"

Mzee akaanza kukunja kitenge kilichoanguka. Baba alimngoja, kama alivyokuwa akiwangoja watu wawili na majembe yao.

"Mwami analiliwa mara ngapi?" akauliza tena.

"Mara moja."

"Basi. Mwami amekufa leo, saa hii, na bantu bamemulilia muzuri kuliko vile tungemulilia sisi kule kambini. Haikuonekana anakula. Haikukatika kitu. Umwami iko mukononi mwako, utautunza mupaka upate mutu. Na hii," akajigusa kifua kwa vidole viwili, "ni muzee ya njaa tu. Wacha akule."

Nilimtazama mzee wa baraza. Mimi nilikuwa nahesabu mbavu za baba kupitia shati. Nilimwona mzee akitafuta kosa katika ile hukumu, kwa haki kabisa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kisha akavua kofia. Alipiga goti moja, kama wanavyofanya kwetu mbele ya maiti ya mwami, akakaa hivyo kidogo, akasimama. Akamwagia baba maji mikononi kutoka kwenye jagi langu, na grisi ya vidole vyake ikaelea kwenye beseni.

"Kula, kaka," akamwambia. Maisha yake yote hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Yule mama mwenye sauti nzito naye alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna maiti hapa. "Idyani, bambo!" akasema, kula mzee, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mumewe, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Baba akala. Nilidhani mtu aliyefichwa miaka yote hiyo atakuwa na namna yake ya ajabu ya kula. Hapana. Alikata nsima, akaibonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akatia mdomoni, akatafuna upande mmoja kwa sababu ya jino. Mchuzi ulimdondokea kidevuni. Nilishindwa kuangalia, na nilishindwa kuangalia kwingine.

"Kaa," akaniambia.

Nikamwambia mimi nitakula baadaye, nikirudi Area 23. Mazoea hayaishi kwa dakika kumi.

"Mi nasema kaa, Mama. Kula na mi."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Nilinawa kwenye maji yake yale yale. Mkono wangu ulifika kwenye sahani ukasita, nikawa sijui nianzie wapi, upande upi ni wake, upi ni wangu. Wanangu niliwafundisha mambo hayo wakiwa hawajaanza hata kutembea. Yeye aliona. Alichukua samaki, akatoa mwiba mkubwa kwa uangalifu, akanyofoa mnofu wa mgongoni, ule mzuri, akaniwekea upande wangu, kisha akapuliza kidogo, ingawa chakula kilikuwa kimepoa tangu asubuhi.