Mtungi Niliousugua

Kosa langu la kwanza kama mwanafunzi wa ufadhili lilikuwa kumwaga maji ya bibi mmoja niliyepangiwa kumsaidia kijijini Gulwe. Masharti ya ufadhili yalitutaka tuihudumie jamii kila likizo na kutuma picha, nami nilitaka picha zangu zisiwe na kasoro hata moja. Bibi alipokwenda kanisani, niliona maji ya mtungi wake yana tope. Nikayamwaga, nikausugua mtungi mpaka ukang'aa.

“Maji yangu yako wapi?” akauliza aliporudi.

“Yalikuwa machafu, bibi.”

“Yalikuwa yanatuama, mjukuu wangu. Ndiyo ya kunywa hayo.”

Jirani yake akacheka. “Msomi katuoshea mtungi! Haya bibi, kunywa usafi.”

Nilikimbia na ndoo hadi kwenye shimo la maji lililochimbwa mchangani mtoni. Kiangazi kilikuwa kikali, na foleni ndefu. Nilirudi jioni na maji kidogo ya tope, nayo yalihitaji kutuama hadi asubuhi. Bibi alilala na kiu. Picha ya mtungi niliituma, nikasifiwa.

Ufadhili bado ninao. Siku hizi nikienda kujitolea, nauliza kabla ya kugusa kitu cha mtu.