Meza Isiyo na cha Kurudia

Ofisi ya misaada alimofanya kazi Shangazi Ocokoru, dada yake baba, ilijaa vikombe, mafaili na kalenda kuukuu. Meza yake tu ndiyo ilikuwa tupu, kama ya mtu aliyehama. Juu yake taipureta, basi. Nayo ilikuwa ya sanduku lenye mkono, ya kunyanyua na kwenda. Mimi nikitoka shule napitia pale, nashangaa.

"Shangazi, hata picha huweki?"

"Mama alipenda vitu," alinijibu. Mwaka wa themanini, walipokimbia vita kutoka kwetu Aroi kwenda Zaire, mama yake huyo, bibi yangu, alikuwa amekwisha vuka mto salama. Akakumbuka cherehani yake, akarudi. Hawakumwona tena.

Mwaka wa tisini na sita ikaja kompyuta. Fundi Candia aliondoa taipureta, akapanga kioo kama cha televisheni, kasha na nyaya mpaka meza ikajaa. Shangazi akasimama mbali.

"Hii mutu anabeba na mkono gani?"

Candia akacheka. "Mama, unabeba unapeleka wapi? Hii iko ya kukaa! Meza yako ilikuwa kama ya mutu anangoja lori."

"Mimi nangoja," alisema shangazi. Candia akaacha kucheka.

Mkubwa wa ofisi alikuwa amesema wazi: asiyetaka kompyuta ampishe mwingine. Na mshahara ule ndio ulionisomesha mimi. Kwa siku kadhaa shangazi aliiangalia tu, mikono mapajani. Kisha akamwita Candia. Kasha likashuka chini ya meza, nyaya zikafungwa nyuma ya mguu wa meza, karatasi zikaingia kwenye droo. Hata mkoba wake akauvaa begani, hauvui hata akiandika.

"Sasa hapa hakuna kitu changu," akaniambia. "Nikikimbia, nakimbia."

Waasi walikuwa kwenye barabara ya kwenda Koboko wakati ule, na kila mtu alilala na masikio wazi. Alasiri moja ukasikika mlio, puu! Watu wakamwagika nje. Tulikuwa tumefika getini nilipokumbuka vitabu vyangu, niliviacha mezani kwake, na mtihani ulikuwa karibu.

"Vitabu vyangu!" Nikageuka.

Shangazi alinidaka kiganja. Sikujua kama ana nguvu zile. "Wacha!"

"Ni hapo tu, Shangazi—"

"Mama naye alisema hapo tu."

Tukakimbilia kanisani pamoja na wengine, hata huko hakuniachia. Baadaye tuliambiwa ni tairi la lori la Oraba lililopasuka, watu wakaanza kuchekana, nani alikimbia na kiatu kimoja, nani aliacha ugali motoni. Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye benchi, analia polepole, mkono wangu bado ndani ya wake, na mimi nikauacha humo.