Mwaka Kukhu Alipopanga Nyimbo

Wimbo wangu wa kwanza mwaka huu ni ule wa dada mwenye sauti nzito, anayeimba kwamba amechoka kungoja na hapo hapo anaendelea kungoja. Wa pili ni wa wale vijana wawili wanaogombana kwenye kiitikio. Wa tatu nimeupa nafasi kwa sababu ya tarumbeta peke yake. Maneno yake hayana kichwa wala miguu, na aliyeyatunga anajua. Binti yangu ameniambia machaguo yangu ni ya wazee. Nimemwambia asubiri azeeke, ndipo atajua nani alikuwa na masikio.

Kila Desemba mimi hupanga nyimbo za mwaka, kichwani tu, bila kalamu. Mwaka huu nilikuwa nazipanga nikitembea mtaani Riruta, Nairobi. Nilikuwa nimetoka Kinoo, ninakoishi siku hizi, kumjulia hali rafiki aliyejifungua, na nilipomaliza nikaamua kupita njia ya zamani. Palipokuwa na ploti yetu pamesimama jengo la ghorofa lenye vigae vya kijani. Nikaduwaa kando ya barabara hadi mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi akaniuliza kama natafuta nyumba ya kupanga. Nikamwambia hapana, nililelewa hapa. Akanitazama, akatazama ghorofa, akasema, “Hapa wapi?”

Basi wewe nikueleze hapa wapi, rafiki yangu, maana yeye alikuwa na wateja.

Ilikuwa ploti ya vyumba vya mabati, safu mbili zinazotazamana, mfereji wa kuchotea maji katikati na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Kuta za ndani zilikuwa za mbao nyembamba zilizobandikwa magazeti. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho walikuombea baraka. Asubuhi ulisikia kila jiko la mafuta likipulizwa, kila sufuria ya uji ikikorogwa, na juu ya yote hayo ulisikia redio ya fundi wa nguo. Fundi huyo alikuwa mama wa Kikamba, mcheshi, mwenye mkono mwepesi, na redio yake ilikaa juu ya meza ya cherehani kama mtoto anayelindwa. Iliwashwa alfajiri na kuzimwa wakati wa kulala. Hatukuwa na redio kwetu. Hatukuihitaji.

Sisi kwetu ni magharibi, na nyanya tunamwita Kukhu. Mamake baba aliletwa Nairobi mwaka ambao macho yake yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, ule utando mweupe unaoifunika mboni polepole hadi mtu anabaki kutambua mwanga na giza tu. Baba, aliyekuwa akifanya kazi za mjengo, alikuwa amemwambia anakuja kutafutiwa dawa. Kukhu alidhani ni dawa ya matone. Alipofika na kusikia kwamba ni kisu, alikata shauri siku hiyo hiyo kwamba hapasuliwi. Kijijini kulikuwa na mama aliyekwenda kupasuliwa jicho akiona kidogo, akarudi haoni kabisa.

“Hii kidogo niko nayo inanitosha,” alisema. “Mnirudishe nyumbani.”

Baba hakumrudisha, wala hakumlazimisha. Alimwambia apumzike kwanza. Na kwa kuwa kwetu ni mwiko mama kulala chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, baba alikodi chumba cha pili, kile kilichopakana na cha fundi, na mimi nikaambiwa nikalale na Kukhu niwe macho yake.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Alijikwaa kwenye karai la nguo mbele ya watu, na tangu hapo akaacha kutoka nje. Alikoma hata kuuliza habari za kuku wake kijijini, na mama akasema hiyo ni dalili mbaya kuliko macho. Kila jioni baba alitoka mjengoni, akanawa vumbi la simiti, akaja kuketi mlangoni pa mamake na kofia mkononi. Walisalimiana. Kisha walinyamaza. Nilikuwa mtoto lakini nilijua kwamba baba alikuwa akimwona mama yake akizama, naye amesimama ukingoni bila kamba.

Siku moja nilitoka shule nikamkuta ameketi wima kitandani, anachambua mboga ya mrenda. Vidole vyake vilijua jani na kijiti bila kuuliza macho. Ng’ambo ya ukuta kulikuwa na wimbo uliovuma sana siku zile.

“Huyo nani analia?” akauliza.

“Halii, Kukhu. Anaimba.”

“Amefiwa?”

“Hapana. Ameachwa na msichana.”

Akachambua kidogo. “Kwa hivyo analia bila kufiwa. Mwambie anyamaze.”

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu aletwe. Kuanzia siku hiyo wimbo ule ukawa Alilia Bila Kufiwa, na wala hatukuuita tena kwa jina lake. Kukhu hakuelewa Sheng wala Kiingereza, kwa hivyo kila wimbo aliubatiza mwenyewe. Kulikuwa na Sufuria, kwa sababu ya ngoma yake. Kulikuwa na Wakwe Wamefika, ambamo watu wote walipiga kelele kwa pamoja bila kusikilizana. Mwanamke mmoja aliyeimbia puani aliitwa Mwenye Mafua, na Kukhu alimpenda, ila alimshauri anywe maji moto. Na kulikuwa na kijana aliyeimba kwa kubembeleza, sauti ikipanda mwishoni kama mtoto aliyenyimwa kitu. Huyo akampa jina Kitinda Mimba.

“Huyu ndiye wa kwanza,” alisema. “Anaomba vizuri. Huwezi kumnyima.”

Nilikuwa nikirudi kutoka shule mbio. Nilimletea majani ya mrenda au maharagwe ya kuchagua, tukaketi, tukasikiliza, tukapanga. Wimbo mpya uliingia nafasi ya chini, ukapanda au ukafukuzwa. Fundi wa nguo, aliyemwita Shosho, yaani nyanya kwa lugha ya mtaani, akaanza kujibu kupitia ukutani, cherehani ikinguruma.

“Shosho, na ule wa kwetu umeuweka wapi? Ule wa gitaa?”

“Huo gitaa haina breki! Itagonga mtu!”

Ploti nzima ikawa na neno la kusema. Akina mama kwenye mfereji waligombania nafasi ya nne. Kukhu hakuwahi kumsihi mtu akubaliane naye. Alisema jambo mara moja kisha akaendelea na mboga. Na ikafika jioni baba alipokuja mlangoni na kofia yake, akakuta mamake hana nafasi ya kunyamaza naye, kwa sababu alikuwa akimweleza kwa nini Sufuria imeshuka.

Ikaja Desemba, ile wiki ambayo watu hufunga mizigo kwenda mashambani. Redio ilikuwa itangaze nyimbo bora za mwaka. Fundi alitoa redio nje, akaiweka juu ya stuli, akaongeza sauti. Watu wakaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa na mikeka. Mama alikuwa amepika chapati kwa sababu tulikuwa tunakaribia kuagana. Hata Kukhu alikubali kutoka nje, akishika bega langu, na watu wakamwachia kiti.

Mtangazaji alianza kutoka chini kwenda juu. Kitinda Mimba akawa wa tatu. Sufuria ikashinda. Watoto wakaruka, na Kukhu akainua mkono kama mtu anayesimamisha mkutano.

“Hawa waliuliza nani?”

“Shosho, wanahesabu na video pia,” fundi akasema, akicheka. Hakuwa na ubaya wowote, nataka ujue hilo. “Huyo wako ungemwona vile anacheza, hata kumi bora hungemweka. Wewe unasikia nusu tu.”

Watu wakacheka. Nilihisi mkono wa Kukhu ukiwa mzito begani mwangu, na baadaye kidogo akaniomba nimrudishe ndani.

Tulikaa chumbani, harufu ya chapati ikitufuata. Nje walikuwa wamerudia ule wimbo wake.

“Wewe umemwona?” akaniuliza.

Nilikuwa nimemwona, kwenye televisheni ya hoteli iliyokuwa karibu na shule.

“Anacheza aje?”

Nilijaribu kueleza nikashindwa. Basi nikasimama katikati ya chumba nikamchezea. Nilicheza kwa moyo wote, mabega, magoti, ile ya kuzunguka na kusimama ghafla, na nilipozunguka mara ya pili nikamwona Kukhu amegeuza uso wake upande ambao sikuwapo.

“Nasikia miguu tu,” alisema.

Nikasimama. Sijui kama nililia, lakini nakumbuka sakafu ya simiti ikiwa baridi chini ya nyayo zangu. Kukhu alinyoosha mkono hadi akanipata, akanigusa uso, paji, pua, mdomo, kama anayesoma. Alikuwa ameniona mara ya mwisho nikiwa bado nabebwa mgongoni.

“Enda umwambie baba yako nitaenda kwa hao watu wa kisu,” akasema. “Leo, kabla nibadilishe roho.”

Nilikimbia. Baba alikuwa amekata kipande cha chapati. Akabaki amekishika hewani mama akimwuliza nimesema nini. Kisha akainuka bila kunawa mkono, akaenda kusimama mlangoni pa mamake. “Kesho, mama,” ndilo lililomtoka.

Hospitali ilikuwa mbele ya Kinoo, njia ile ninayopita sasa kila siku nikienda kazini bila kuifikiria. Walimpasua jicho moja kwanza. Baba alikaa kwenye benchi la nje usiku kucha, na asubuhi mama alinivalisha gauni la kanisani akanipeleka. Tulimkuta Kukhu ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Nesi akabandua plasta polepole, akapangusa jicho kwa pamba, akamwambia afungue.

Kukhu akafungua. Machozi yakatoka upande huo mmoja. Akamtazama nesi, akatazama dirisha, akamtazama baba kwa muda mrefu. “Khane, kumbe umezeeka hivi,” alimwambia, na baba akacheka na kujifuta uso kwa kofia. Kisha akanitafuta mimi.

“Mayi, mama yangu! Meno yote haya ni yako?”

Nikafunga mdomo.

“Wacha wazi. Sasa cheza.”

“Hapa, Kukhu?”

“Ulichezea kipofu, utashindwa kuchezea mwenye jicho?”

Nikacheza. Katikati ya vitanda, bila redio, nikiwa na gauni la kanisani, huku wagonjwa wengine wenye plasta wakipiga makofi kufuata kishindo cha miguu yangu. Kukhu aliniangalia hadi mwisho bila kupepesa. Mama alikuwa ameelekeza uso wake ukutani. Kama kuna siku niliyowahi kutazamwa kikamilifu maishani mwangu, ni ile.

Kabla ya Krismasi fundi alikuwa na safari ya Ngara kununua uzi na zipu kwenye maduka ya jumla, na Kukhu akasema naye anakwenda. Tulishuka mjini tukapanda hadi Ngara kwa miguu. Safari ya watu wa kawaida ikatuchukua karibu asubuhi nzima, kwa sababu Kukhu alisimama kila mahali: kwenye rundo la maembe, kwenye viatu vya plastiki vya rangi zote, mbele ya mwanamume aliyekuwa akikata kitambaa kwa mkasi mrefu. Aliangalia akashiba, akaendelea.

Kulikuwa na duka la televisheni, zote zimewashwa zikionyesha kitu kimoja. Tulingoja pale hadi wimbo wake ukafika. Kitinda Mimba akatokea, kijana mwembamba ndani ya suruali ambayo ingewatosha baba yangu na shemeji zake, shingo imejaa minyororo, akirusha miguu kama anayefukuza kuku shambani. Fundi akakunja mikono, tayari kwa ushindi.

Kukhu alitazama. Midomo yake ilicheza. Kisha, mbele ya dirisha lile lililojaa picha, akafunga macho yote mawili akasikiliza wimbo hadi mwisho.

“Bado ni wa kwanza,” alisema alipofungua. “Lakini mtu amnunulie mshipi.”

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta wa duka, na siku hiyo alimnunulia Kukhu soda, akakubali kushindwa.

Kukhu alirudi nyumbani mwaka mpya ulipoanza, na baadaye akaja kutibiwa jicho la pili bila kubembelezwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipokuwa chuoni nilimpigia simu kila Desemba kumtajia nyimbo zangu, naye alizipangua moja moja. “Huyo wa pili amekupatia nini?” aliniuliza mwaka mmoja. “Yeye ni wa tisa.”

Ploti ilibomolewa nikiwa nimeshahama. Fundi alirudi Ukambani na cherehani yake, na nasikia bado anashona. Mahali nilipo sasa kuta ni za mawe. Ni nyumba nzuri, siilalamikii, lakini sijui jirani yangu anapenda wimbo gani. Binti yangu husikiliza zake kwa vidude vya masikioni, na mimi hujua tu kwamba kuna wimbo kwa sababu mguu wake unatikisika. Redio ingali inatangaza nyimbo bora za mwaka, sina shaka. Ila hakuna anayetoa stuli nje.

Mwaka aliofariki Kukhu nilipanga nyimbo kama kawaida, maana angenisuta kama ningeacha. Nilianzia wa pili kwenda chini, nafasi ya kwanza nikaiacha wazi. Kulikuwa na wimbo mmoja mzuri sana mwaka huo, ulistahili nafasi ya kwanza, na hadi leo naamini hivyo kabisa. Lakini hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba nimekosea.