Diski ya Bi Zuhura

Leo nimefanya kazi nikiwa nimeipa kompyuta mgongo.

Bi Zuhura kaniletea diski dukani kwangu Ng'ambo. Inagonga tik tik, inakata roho. Ndani mna video ya harusi ya bintiye, upande wa wanawake. Mwanamme haangalii.

Nikanakili ilivyowezekana. Sasa lazima mtu afungue, tujue kama imepona. Nikageukia ukuta.

"Inacheza, Bi Zuhura?"



Nnasikia ngoma, na bibi mmoja anacheka mpaka anakohoa.

"Huyo mama'ngu," akasema. "Tumemzika juzi. Hebu irudishe nyuma."

Nikanyoosha mkono nyuma, nikapapasa kibodi. Yule bibi akacheka tena.

Mafundi wenzangu, nyinyi video hizi mnazihakikisha vipi?

Mie yule bibi sura yake siijui. Kicheko chake nshakijua.